Mkuu, muda wako usiujaze usiku, andika pale pale. Mi kosa hilo lilinila 278,000

Mleta uzi simama hapo hapo kwanza. Unasema una karakana ya kuchomelea mageti Buhongwa hapa Mwanza, unatafuta programu ya simu ya kuandikia muda wako, unauliza siku uigawe mafungu mangapi, halafu ukaongeza kwamba utakuwa unajaza kila siku saa 4 usiku ukishakula na kuoga, na mwisho wa mwezi ndo utumie hizo saa kupangia wateja bei na tarehe. Nilivyofika hapo kwenye saa 4 usiku tumbo likanikata. Usifanye hivyo mdogo wangu. Njia hiyo hiyo nilipita mimi, ikanila 278,000 na kwaya nzima ya wateja.

Mi ni fundi cherehani, ofisi yangu iko Mabatini. Mwaka juzi niliingia kundi la WhatsApp la jamaa mmoja anayejiita kocha wa muda, kiingilio 30,000, akatuambia kila jioni kaa chini ikumbuke siku yako uijaze kwenye jedwali lake, kazi kijani, familia njano, upotevu nyekundu. Nikajaza miezi miwili bila kuruka siku, usiku watoto wamelala, nimechoka lakini najaza. Jedwali likatoka kijani tupu. Likaniambia nashona saa 9 kwa siku na gauni moja la kwaya linachukua saa 2 na nusu.

Basi ikaja kwaya moja ya Igoma, wana tamasha Ukerewe, wanataka gauni 36 na zimebaki siku 12. Nikapiga hesabu kifua mbele, 36 mara 2 na nusu ni saa 90, kwa saa 9 kila siku ni siku 10, mbili zinabaki za akiba. Ufundi 15,000 kwa gauni, jumla 540,000, wakanipa nusu. Zamani yule mama mwenyekiti ningemwambia mama hizi siku hazitoshi, gawa kazi kwa fundi mwingine, manake mikono yangu ilikuwa inajua. Ila jedwali lilisema zinatosha na mi nikaliamini jedwali kuliko mikono.

Siku ya 9 ndo nikaona maji yamefika shingoni, nikaita mafundi wenzangu wawili, na kwa haraka ile wakataka 12,000 kwa gauni. Mpaka siku ya safari nina 22 nilizoshona mimi na 9 zao, tano zimekatwa tu ziko mezani. Asubuhi nimepeleka marobota bandarini na bodaboda, wanagawana pale pale, wanavaa juu ya nguo walizokuja nazo, wanashangilia, na wanawake watano wamesimama pembeni na vitenge vyao. Mmoja wao ndo binti anayeanzisha wimbo wa kwanza peke yake. Hakunitukana, hakuuliza kitu, aliniangalia tu akachukua mkoba wake akapanda meli. Mpaka leo nikipita bandarini namuona.

Waliporudi wakagoma kulipa 270,000 iliyobaki, mchungaji wao akaingilia nikapewa 100,000. Jumlisha 108,000 niliyowalipa mafundi, ndo hiyo hasara. Na hakuna hata mmoja kwenye ile kwaya aliyerudi kushona kwangu.

Sasa sikiliza tatizo lilikuwa wapi. Baada ya hapo nilinunua kaunta buku, penseli nikaifunga kwa uzi kwenye meza ya cherehani, nikajiwekea sheria moja: KABLA MKONO HAUJAGUSA KAZI NYINGINE, ANDIKA SAA. Siku ya kwanza tu ukurasa ulisomeka hivi: 2:20 kukata. 2:45 mteja, nampima. 3:05 kukata. 3:30 cherehani. 3:50 uzi wa rangi umeisha, naenda Makoroboi. 4:40 nimerudi. 4:45 cherehani. 5:25 umeme umekata. Gauni lile lile la saa 2 na nusu likatoka saa 4 na dakika 45, na humo cherehani lenyewe ni saa 1 na dakika 50! Kwingine kote ni kukata, kupiga pasi, kufumua, kutafuta zipu, kuongea na watu mlangoni. Usiku kichwa kinakumbuka mlio wa cherehani. Ile safari ya Makoroboi hakiikumbuki kabisa, au kinaikumbuka kama dakika kumi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba jedwali lilikuwa linajipinga lenyewe. Saa 9 kwa siku, gauni saa 2 na nusu, si ningetoa gauni tatu na zaidi kila siku? Nilikuwa natoa mbili, tena kwa shida. Yule kocha alikuwa anayaona majedwali yetu kila Jumapili, na langu alilisifu mbele ya kundi zima! Mtu umechukua hela za watu, unashindwa kuuliza swali moja tu, "mama, mbona gauni mbili?" Alikuwa anatutajia Wazungu kila siku, lakini hili hakutuambia, na Peter Drucker, yule mwandishi wa vitabu vya uongozi wa kazi, alishaliandika tangu 1967 kwamba muda urekodiwe wakati ule ule jambo linapofanyika, sio baadaye kutoka kwenye kumbukumbu. Nilikuja kulisoma mwenyewe hela ikiwa imeshakwenda.

Na saa andika za kwetu, saa 2 asubuhi iwe 2. Kwenye lile jedwali saa 8 yangu ya mchana ilikuwa inasomeka asubuhi, nusu ya wiki ikavurugika.

Watakuja hapa wa kukuambia daftari ni ushamba, waambie halijawahi kuisha chaji.

Wewe wa mageti ndo uko hatarini zaidi yangu, manake utakumbuka cheche tu. Kufuata vyuma mjini hutakumbuka, kupiga grenda hutakumbuka, kusubiri rangi ya kuzuia kutu ikauke, umeme kurudi, mteja kuja kubadilisha mchoro wakati umeshakata, vyote hivyo saa 4 usiku vitakuwa vimeyeyuka na utampa mtu tarehe ya uongo bila kujua. Hata tarehe 1 usisubiri, anza kesho na geti moja. Chaki iwe mfukoni, andika ukutani kama daftari linachafuka: saa unashusha vyuma, saa unawasha mashine, saa umeme umekata, saa umerudi kuchomelea, mpaka geti linapakiwa. Halafu piga picha huo ukuta uweke hapa, na mpaka siku hiyo usimwahidi mteja yeyote tarehe.