Kabla hamjakaa mbele ya mpishi wa sushi Tokyo

Tulipotimiza miaka 15 ya ndoa, mimi na mke wangu tulikuwa Tokyo, na nilitaka tule sushi mahali ambapo Wajapani wenyewe wanapasifu. Tulikula, tukafurahi mno. Lakini mchana wa siku ile nilimtia mke wangu simanzi ambayo ningeiepuka kwa kusoma barua pepe moja mpaka mwisho.

Alikuwa amebeba gauni lake la sherehe. Alilifukiza udi nyumbani Unguja, akalikunja vizuri sandukuni, na alipolifungua hotelini chumba kizima kilinukia. Ndipo nikairudia ile barua ya kuthibitisha nafasi zetu, nikaona mstari wa chini kabisa: wageni wasijitie manukato. Wana haki. Kaunta ni moja, viti vinane, watu bega kwa bega, na harufu ya samaki mbichi ni nyepesi. Udi wa mtu mmoja unaifunika kwa wote. Gauni likabaki kabatini, mke wangu akavaa nguo ya kutembelea. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sisi watu wa pwani, ambao sherehe bila udi na asumini haijawa sherehe, tuulize habari ya manukato siku ya kuweka nafasi.

Siku hiyo hiyo semeni kila msichokula. Migahawa ya aina hii huendeshwa kwa utaratibu uitwao omakase, yaani mgeni anamwachia mpishi achague. Haagizi kitu. Mkifika, samaki wameshanunuliwa na kuandaliwa, na wengine wameanza kushughulikiwa siku kadhaa nyuma. Kwa Waislamu kuna jambo la kuuliza waziwazi: mchuzi wa soya unaopakwa juu ya samaki mara nyingi umechemshwa na sake au mirin, vileo vya mchele, na wali wa sushi hutiwa siki, ambayo ikiwa ni ile nyekundu hutokana na machicha ya sake. Niliandika mwezi mmoja kabla, wakajibu kwamba watatutengea soya tupu na kwamba siki yao ni ya mchele wa kawaida. Ningelisema nimeshakaa kwenye kiti, wangefanya nini?

Kuhusu kuchagua mahali, msifuate peke yake nyota za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa. Sukiyabashi Jiro, mgahawa wa sushi wa mtaa wa Ginza, ilipata nyota tatu, daraja la juu kabisa, Michelin ilipotoa kitabu chake cha kwanza cha Tokyo mwaka 2007, na mwaka 2019 ikaondolewa humo kwa kuwa mtu wa kawaida hawezi kuweka nafasi. Wenyeji hutazama zaidi Tabelog, tovuti ya Kijapani ambako walaji huipa migahawa alama, na huko alama 3.5 kati ya 5 ni sifa kubwa, kwa hiyo msiidharau.

Na mwende kuuona mlango jana yake. Migahawa mingi ya Ginza iko chini ya ardhi au ghorofani, kibao ni kidogo na kwa Kijapani, na wageni wa zamu moja mara nyingi huanza pamoja, kwa hiyo mkipotea njia mtawachelewesha wote.

Mkishakaa, mwachieni mpishi. Wetu alichota wali, akaukandamiza mara mbili tatu, akalaza kipande cha samaki juu, akapaka soya kwa brashi na kukiweka mbele ya mke wangu. Wali una uvuguvugu wa mwili wa mtu. Ukiuacha upoe kwa ajili ya picha, umeshakula kitu kingine. Kuleni kwa mkono, inaruhusiwa, na sisi tuliolelewa na tonge la wali hatuhitaji kufundishwa. Kikishapakwa soya msikichovye tena. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya tonge na tonge, haiwekwi juu ya samaki.

Tonge la tatu mke wangu alilitafuna kwa taabu kidogo. La nne likaja na wali mchache zaidi, na la tano vilevile. Hatukuwa tumesema neno. Mpishi alikuwa amemwona, basi.

Jodari alikuja mara tatu: mnofu mwekundu kwanza, kisha wenye mafuta kiasi, mwisho ule wa tumboni, otoro. Mke wangu ni binti wa mvuvi, amekula jodari tangu utotoni, wa kuchoma na wa kupaka. Huyu wa tumboni alipomtia kinywani alifumba macho, akanishika mkono chini ya kaunta. Mimi nilipenda zaidi kohada, kisamaki chenye ngozi ya fedha kilichotiwa chumvi kisha siki. Ndiyo kazi ya tangu Tokyo ikiitwa Edo, kabla ya barafu, walipohifadhi samaki kwa chumvi na siki kama sisi tunavyofanya ng'onda kwa chumvi na jua.

Msitarajie keki wala makofi. Niliwaandikia kwamba ni siku ya ndoa yetu, na mpishi alichofanya ni kutupongeza kwa sauti ndogo wakati wa kuleta chai.

Tulilipa yeni 33,000 kila mmoja, bila bakshishi. Japani haitolewi, na ukiiacha mezani watakukimbiza nayo barabarani. Kama bei hiyo ni nzito, ulizeni chakula cha mchana. Migahawa mingi mizuri ina mlo wa mchana wa tonge chache, kwa mkono wa mpishi yule yule, na bei huwa chini sana.