"One of the teachers who live" au "lives"?
Ni "live": "She is one of the teachers who live here." Kirejeshi "who" kinarejelea "teachers", si "one", kwa hiyo kitenzi kinafuata wingi. Ukitaka kuhakikisha, ipindue sentensi: "Of the teachers who live here, she is one." Hapo "lives" haikai kabisa.

Ila angalia sana "the only". "She is the only one of the teachers who lives here" ni umoja, maana anayeishi hapo ni mmoja tu. Na bila "who" kiima ni "one" moja kwa moja: "One of the teachers lives here."

Utawakuta Waingereza wenyewe wakiandika "lives" hata kwenye ile ya kwanza. Kwenye mtihani andika "live".