Jibu kwa aliyeuliza: utakula nini Sauti za Busara ukiwa na hela ya mawazo

Mkuu uliye Dodoma, umeuliza utakulaje siku za tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Unguja bila kukausha mfuko na bila kurudi na tumbo la kuendesha. Mie naishi Mji Mkongwe, na kila Februari ikifika sebule yangu inageuka nyumba ya wageni, kwa hiyo nakupa ninayoyaona kwa hao ndugu zangu wa bara.

Hela inakwenda usiku. Muziki Ngome Kongwe unaanza jioni hadi usiku mkubwa, mtu amecheza, jasho linamtoka, akivuka barabara tu Forodhani hii hapa, bustani ya pwani yenye meza za chakula usiku, na moshi wa mishkaki unamwita. Mwenye njaa hiyo hapatani bei na mtu. Kwa hiyo shibe yako itafute mchana, tena mapema. Ingia ndani kidogo, Mkunazini au Darajani, kwa akina mama lishe wanaopikia watu wa sokoni. Wali, samaki wa mchuzi, maharage ya nazi, mchicha. Mwambie akuongeze mboga, mara nyingi haongezi bei. Nenda saa saba, maana ukichelewa unakuta wanakosha masufuria. Bei yake haifiki hata nusu ya sahani utakayouziwa ufukweni ukiwa na kamera shingoni.

Darajani hapo hapo nunua ndizi mbivu, nanasi na karanga za kukaanga za kutafuna saa tatu usiku. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa, ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu zamani, kabla hata ya bara. Getini Ngome Kongwe hawana msimamo mmoja kuhusu kuingia na chakula na kutoka ukarudi, muulize mlinzi kabla hujavua utepe wako wa mkononi wa kuingilia.

Sasa Forodhani. Sikukatazi, nenda, lakini nenda kuonja. Meza zimepangwa mishkaki ya samaki, kamba, pweza, vyote vimeshapikwa tangu jioni, ukichagua vinapashwa tu. Angalia pweza: aliyekaa sana anakauka kwenye ncha na mafuta yameganda chini yake. Meza yenye foleni ya wenyeji bidhaa haikai. Na bei iulize kwa kila kijiti kabla hakijagusa moto. Kuna kijana mmoja alimpakulia mgeni wangu "onja hii, onja na hii", kumbe kila onja ina hesabu yake, mwisho akadaiwa hela ya kulala gesti. Sema "nataka hivi viwili na chapati moja, jumla shingapi?" halafu nyamaza. Ukizungumza Kiswahili bei inashuka yenyewe, ingawa lafudhi ya bara nayo ina kodi yake kidogo, tusidanganyane.

Ile wanayoiita pizza ya Zanzibar ni unga, yai, nyama na mafuta mengi. Tamu, ila ukila saa tano usiku halafu ukarudi kurukaruka utanikumbuka. Bora urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja: bakuli moja lina viazi, bajia, kachori, na ukiomba anakutilia yai la kuchemsha. Mwambie apunguze zile chipsi za muhogo za juu, ndizo zenye mafuta, na aongeze viazi. Bei yake ni ya mwanafunzi.

Kinachowaangusha wageni wengi ni kiu kuliko chakula. Februari upepo wa kaskazi unavuma na joto halina adabu. Mtu anakunywa soda na bia mchana kutwa, jioni kichwa kinamgonga anasema samaki alikuwa mbovu. Nunua maji chupa kubwa dukani mtaani, si karibu na geti. Alasiri tafuta muuza madafu wa baiskeli. Ukishakunywa mrudishie alipasue, atakuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lenyewe ukombe nyama. Hicho ni kinywaji na kitafunio kwa hela moja. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi nayo ni nzuri ikikamuliwa mbele yako, ila kama tumbo lako jepesi mwambie asitie barafu.

Umegusia vidonda vya tumbo. Hapo urojo uache, pilipili au bila pilipili, kwa sababu mchuzi wenyewe ni mchachu. Asubuhi chukua chapati na maharage ya nazi, mchana wali na samaki wa kuchemsha, na kabla ya muziki kula muhogo wa nazi au ndizi za nazi. Mama lishe ukimwambia mapema "mie mgonjwa wa tumbo" atakupakulia kabla hajatia ndimu kwenye sufuria.