Bluu kwenye picha, zambarau mkononi

SWALI: Habari mtaalamu. Nina duka Kariakoo na nauza magauni kwa WhatsApp na Instagram. Nilituma gauni Mwanza. Kwenye picha lilikuwa bluu, mteja alipolipokea akasema ni zambarau, akalirudisha kwa basi. Malalamiko haya hayaishi, hasa kwa zambarau na damu ya mzee. Nimenunua taa ya duara na priseti za kurekebisha rangi, bado. Je, ninunue simu ya bei kubwa, au kuna programu inayotoa rangi halisi?

JIBU: Dada, usinunue simu. Mteja wako yuko sahihi, na simu yako haina ubovu. Zambarau ni kati ya rangi zinazoisumbua kamera kuliko zote. Rangi nyingi zinazotumika kutilia vitambaa vya zambarau hurudisha mwanga wa bluu, halafu hurudisha na ile nyekundu ya mwisho kabisa, inayopakana na mwanga usioonekana kwa macho. Jicho bado linaipata nyekundu hiyo. Mbele ya kihisi chake, sehemu inayopokea mwanga, kamera ina kichujio cha kuzuia mwanga usioonekana, na kichujio hicho hukata pia sehemu ya nyekundu hiyo. Kinachobaki kwenye picha ni bluu. Simu ya mamilioni nayo ina kichujio cha aina hiyo.

Damu ya mzee ina kisa kingine, na hapa mkosaji ni taa yako ya duara. Taa nyingi za LED za bei nafuu hutoa nyekundu kidogo mno. Kitambaa hakiwezi kurudisha mwanga ambao hakikupewa, kwa hiyo damu ya mzee inageuka kahawia iliyochoka. Soma boksi la taa, tafuta herufi CRI au Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Chini ya 90, usiipigie nguo picha. Likiandika na R9, tafuta 50 au zaidi, maana hicho ndicho kipimo cha nyekundu iliyoiva. Boksi lisilosema chochote, hesabu kwamba taa yake haifai.

Sasa priseti, jambo linalonikera kuliko yote. Priseti ni mipangilio iliyoandaliwa kwa picha nyingine, nguo nyingine, mwanga mwingine. Ukiibonyeza kwenye picha yako inazisogeza rangi vile vile ilivyoamriwa, bila kujua kitambaa chako kina rangi gani. Itajuaje? Haijakiona. Wanaowauzia wafanyabiashara priseti za "rangi halisi" wanawatoza fedha kwa kitu kisichowezekana. Wanachouza ni uzuri wa picha: rangi zinakolea, ngozi inalainika, gauni linawaka. Mteja anaagiza huo mwako, anapokea nguo. Ukiongeza ukolezi wa rangi hata kidogo kwenye picha ya nguo unayouza, umeshabadilisha bidhaa.

Rangi halisi iko sehemu moja tu: kwenye nguo, ukiishika karibu na dirisha mchana. Kila hatua ni kuifuata hiyo.

Piga picha kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, barazani au dirishani pasipo jua la moja kwa moja. Zima taa zote, kwa sababu balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana unapata nguo yenye rangi mbili na hakuna marekebisho yatakayozipatanisha. Kisha angalia kinachokuzunguka. Turubai la bluu juu ya kibanda linaibluisha nguo yote. Ukuta wa kijani na hata shati jekundu la anayeshika simu humwaga rangi yake vile vile. Futa lenzi, zima vichujio vya programu na hali ya urembo.

Gauni likijaza picha, simu inadanganyika. Inakisia mwanga kutokana na rangi inazoziona, hivyo ikiona nyekundu tupu inadhani mwanga ndio mwekundu, inaipooza. Dawa yake ni kadi ya kijivu inayouzwa kwa wapiga picha. Iweke kando ya nguo katika picha ya kwanza. Karatasi nyeupe ya ofisini inasaidia ukikosa kadi, ila nyingi zimetiwa kemikali za kung'arisha zinazotoa ubluu kidogo. Simu yako ikiwa na hali ya kitaalamu, funga joto la mwanga, lile linalopimwa kwa Kelvini, pale kadi inapoonekana kijivu tupu, bila bluu wala njano, na usiliguse mpaka umalize nguo zote. Kama haina, fungua programu ya kuhariri, gusa ile kadi kwa alama ya mizani ya weupe, inayosawazisha rangi zote ili kijivu kiwe kijivu, kisha hamishia marekebisho hayo hayo kwenye picha zilizofuata. Nguo nyeusi ishushie mwangaza nukta moja, la sivyo simu itaifanya kijivu. Nyeupe ipandishie nukta moja.

Baada ya hapo kaa pale pale dirishani, nguo mkono mmoja, simu mkono mwingine. Mwangaza wa skrini uwe wa kati, hali ya usiku izimwe, na kama ni Samsung skrini iwe kwenye rangi za asili, usiache zile kali. Zambarau ikiwa bado bluu, tumia programu inayogusa rangi moja moja, sogeza bluu peke yake kuelekea zambarau huku unaitazama nguo. Ukiacha marekebisho ya kadi, hapo tu ndipo uhariri unapohalalika.

Hata ukiyafanya yote, picha peke yake haitoshi. Februari 2015 picha ya gauni moja kutoka Uingereza iliwagombanisha watu dunia nzima: wengine waliona jeupe na dhahabu, wengine bluu na nyeusi, wakitazama skrini ile ile bega kwa bega. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Neno moja la muuzaji lingemaliza ugomvi, na maneno ndiyo mnayoyadharau. "Gauni kali, rangi kama inavyoonekana" halimwambii mtu kitu.

Andika rangi, kuiva au kupauka kwake, inaelekea wapi, inang'aa au imefifia, na inafananishwa kimakosa na nini. Kwa gauni lile la Mwanza ningeandika: "Zambarau iliyoiva, inaelekea bluu kuliko waridi. Setini, inang'aa. Kwenye picha inavuta bluu. Mkononi ni zambarau." Kijani usiiache hivyo hivyo, sema ya jeshi, ya jani la mgomba au ya parachichi. Tenganisha nyeupe na rangi ya maziwa. "Rangi ya mwili" ifute kabisa, kwani mwili wa nani? Kwa kanga taja mji kwanza, halafu pindo. Bluu nevi iliyoiva sana iandikie kwamba usiku kwenye taa ya njano inaonekana nyeusi, kwa sababu mteja ataivaa harusini usiku.

Kitambaa nacho kina neno lake. Mahameli hubadilika ukiyapapasa juu au chini, basi piga pande zote mbili. Shifoni inabeba rangi ya bitana, itaje bitana. Mtumba ulinganishe bega na upindo wa ndani. Ukiona tofauti, umepauka, na mteja ana haki ya kujua kabla hajalipa. Na sare za shughuli, tafadhali, zikate kwenye jora moja. Majora mawili ya namba ile ile ya kiwandani yanaweza kuwa yametiwa rangi siku tofauti, na tofauti hiyo itaonekana watu wakisimama mstari mmoja.

Kuna wanaofundisha kuchukua rangi kwenye picha kwa programu na kumwandikia mteja namba yake, ule msimbo wa rangi wa kompyuta. Namba hiyo ni ya picha. Picha ikikosea, umeyapa makosa sura ya kitaalamu. Kuna pia kinga inayopendwa: "rangi inaweza kutofautiana kidogo na simu yako." Skrini hutofautiana kweli, lakini skrini haigeuzi damu ya mzee kuwa kahawia kwa wateja wako wote. Wakilalamika wote jambo moja, kosa liko kwenye picha yako. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na maandishi madogo chini ya tangazo hayakuondolei wajibu huo.

Wabaya zaidi ni wanaochukua picha za msambazaji wa ng'ambo na kuuza nguo ambayo hawajawahi kuishika. Hao hata dirisha haliwasaidii, hawana cha kulinganisha. Kama unaagiza kwa utaratibu huo, nunua kipande kimoja cha kila rangi kwanza, kipige picha wewe mwenyewe, ndipo uchukue oda.