Mtoto mwenye mgongo wazi: afundishwe choo vipi?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Uyole, Mbeya. Binti yangu wa pili ametimiza miaka mitatu. Alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji akiwa na siku chache. Anatembea kwa kushikilia na anaongea vizuri, lakini mkojo unamtoka kidogo kidogo mchana na usiku. Nikimkalisha kwenye poti anakaa muda mrefu bila kutoa kitu, kisha nikimvalisha tu analowa. Mama mkwe anasema ni uvivu, na amenionyesha namna ya kumminya tumbo la chini ili mkojo utoke. Chekechea ya jirani wanataka mtoto aliyekwisha kuachana na pampasi. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze nimempunguzia maji, maana nguo hazikauki. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwa kumwondolea binti yako lawama. Mishipa ya fahamu inayokipa kibofu taarifa kwamba kimejaa, na ile inayokiamuru kijibane huku mlango wake ukifunguka, hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, ambayo mara nyingi ndiyo iliyoathirika kwa mtoto mwenye mgongo wazi. Upasuaji aliofanyiwa uliufunika uti wa mgongo na kuukinga na maambukizi, lakini haurudishi mishipa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo anapokaa kwenye poti bila kutoa kitu, huenda hasikii haja yoyote; na anapolowa baada ya kuvalishwa, inawezekana kibofu kimejaa kupita kiasi na kinachotoka ni ziada tu, huku mkojo mwingi ukibaki ndani.

Kuhusu kumminya tumbo, naomba mliache leo hii, na umweleze mama mkwe kwa heshima, kwa kuwa najua alikusudia mema na zamani hata baadhi ya wahudumu wa afya walilifundisha jambo hilo. Mlango wa kibofu ukiwa umebana, mkono unaosukuma kutoka juu huongeza shinikizo ndani, na mkojo unaweza kupanda kurudi kwenye figo. Figo huumia polepole bila mtoto kulalamika, na hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kuliko nguo zilizolowa. Ndiyo maana pia sifurahi upesi ninaposikia kwamba mtoto wa aina hii amekuwa mkavu ghafla bila msaada wowote, kwani ukavu huo unaweza kuwa dalili ya kibofu kilichobana hatari.

Hatua ya kwanza, basi, ni hospitali. Omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambako si mbali na kwako, ili afanyiwe altrasaundi ya figo na kibofu, apimwe damu kuona kazi ya figo, na ipimwe kiasi cha mkojo kinachobaki baada ya kukojoa. Kwa makadirio, kibofu cha mtoto hubeba mililita 30 zikizidishwa kwa umri wake ukiongezwa moja. Kwa binti yako ni kama mililita 120, yaani karibu nusu kikombe cha chai.

Ikionekana kwamba kibofu hakijitoi chenyewe, utafundishwa kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, mkojo ukaisha, kisha ukatolewa papo hapo. Si ule mpira wa kudumu wenye mfuko. Usiogope kwamba nyumbani huna usafi wa chumba cha upasuaji: mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba mikono na mpira vilivyooshwa vizuri vinatosha, na kwamba kilicho muhimu zaidi ni kibofu kutolewa mkojo mara kwa mara kabla hakijajaa kupita kiasi. Mweleze muuguzi kwamba mtoto ana mgongo wazi, ili achague mpira na glavu zisizo na lateksi (utomvu wa mti wa mpira), kwa sababu watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi. Daktari anaweza pia kumwandikia oksibutinini, dawa ya kulegeza kibofu, ambayo hukausha mdomo na kuleta choo kigumu.

Mafunzo ya choo kwa binti yako yatafuata saa, si kusubiri aseme kwamba amebanwa. Mchana mtoe mkojo kwa mpira huo kila baada ya saa tatu au nne, akiwa amekaa chooni au kwenye poti, miguu ikiwa imekanyaga chini imara, ili ajifunze kwamba hapa ndipo mahali pa shughuli hii. Mpe kazi ndogo: ashike sabuni, afungue kopo la mipira ya kutolea mkojo, ataje viungo vyake kwa majina yao. Wengi huweza kujihudumia wenyewe wakiwa na miaka kati ya mitano na minane. Mfundishe pia kwamba kuna watu wachache tu, uliowataja wewe, wanaoruhusiwa kumsaidia huko. Andika katika daftari saa, kiasi kilichotoka, na kama alikuwa amelowa. Usiku atumie pampasi. Hilo si la kuhangaikia sasa.

Maji mrudishie. Mkojo mzito hukera kibofu, na mtoto asiyekunywa hupata choo kigumu, kisha utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, kazi yote ikaharibika. Mkalishe kwenye poti kwa dakika tano hadi kumi baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, wakati ambao utumbo huamka wenyewe. Maharage, mboga za majani na parachichi la Rungwe vitasaidia. Choo kikiendelea kuwa kigumu, usinunue dawa ya kuharisha bila kumwuliza daktari.

Mkojo wenye harufu peke yake, bila homa, si sababu ya kukimbilia antibiotiki duka la dawa, kwa kuwa kwa watoto wanaotumia mpira bakteria huonekana mara nyingi bila kuwa ugonjwa. Homa, kutapika, maumivu ya tumbo au ubavu, au kulowa kulikoongezeka ghafla, kunahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Miguu ikianza kulegea kuliko awali, sema pia, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa umenasa kwenye kovu.

Kuhusu chekechea, sioni haki katika sharti lao kwa mtoto mwenye hali hii. Nenda na barua ya daktari, uulize kama kuna choo chenye mlango na maji, na kama mwalimu mmoja yuko tayari kufundishwa. Kama hayupo, omba apokewe kwa saa tatu tu: umtoe mkojo kabla ya kutoka nyumbani, umfuate kwa wakati, na umtoe tena mkifika, akiwa na pampasi yake ndani ya sketi.