Kusailiwa, kuhojiwa na kupigwa msasa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Shemeji yangu wa Dodoma ananiambia ameitwa kwenye usaili wa kazi serikalini. Sisi huku Nakuru tungesema mahojiano. Polisi nao wakimkamata mtu humhoji, na wabunge humpiga msasa waziri mteule. Je, yote haya ni jambo moja? Maneno yenyewe yalitoka wapi?

JIBU: Marahaba. Saili na swali ni ndugu wa damu, wote watoto wa Kiarabu sa'ala, kuuliza. Sisi watoto wa Pwani tulilisikia madrasa kabla ya kulisikia ofisini, maana malaika Munkari na Nakiri humsaili maiti kaburini: Mola wako nani, dini yako ipi, Mtume wako nani. Tanzania neno hilo limeingia utumishi. Sekretarieti ya Ajira hutoa tangazo la kuitwa kwenye usaili, na usaili una ngazi zake: wa mchujo, wa vitendo, na, utapenda hili, “usaili wa mahojiano”. Kwa hiyo wewe na shemeji yako msigombane, tangazo limewapatanisha.

Kuhoji kumetoka kwenye hoja, na hoja ni hujja ya Kiarabu, yaani dalili ya kuthibitishia neno. Ndiyo maana unaweza kuhoji uamuzi wa bosi wako, lakini huwezi kuusaili. Anayekuhoji hatosheki na jibu, anataka na sababu yake: ulikuwa wapi, na nani, mbona simu ilizimwa? Kazi hiyo inawafaa polisi. Wanahabari nao wamelichukua neno, ingawa wengi wao siku hizi wanamsifu mgeni tu.

Msasa ndio unaonifurahisha, kwa sababu babu yangu alikuwa seremala Lamu. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mzee alikuwa akimaliza kupiga randa, anashika jani kavu na kuusugua mlango kwa kufuata mistari ya mbao; jani likilainika analitupa na kuchukua jingine. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina la mti.

Wakenya wakauhamishia siasani, hasa baada ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 152 kinataka Bunge la Taifa liidhinishe mtu kabla Rais hajamfanya Waziri. Basi mteule huketi mbele ya kamati, akaulizwa masomo yake, kesi zake, hata ukwasi wake kwa shilingi, kamera zikimtazama. Tanzania mawaziri hawapitii hayo. Waziri Mkuu ndiye huthibitishwa kwa azimio la Bunge.

Mimi picha hiyo ina walakini machoni pangu. Seremala hakuupiga msasa ubao asioutaka. Alikwisha kuukagua kwa jicho na kuugonga kwa kidole, wenye mchwa akautia jikoni. Msasa ni wa kung'arisha kilichokwisha kuchaguliwa. Ukitazama baadhi ya vikao vile, huenda waandishi wetu walichagua neno sahihi kuliko walivyokusudia.

Kwa barua yako ya kazi, andika usaili ukiituma Dodoma, mahojiano ukiituma Nairobi. Ukiitwa kituoni, hapo unahojiwa, pande zote mbili za mpaka.