Baba amenyamaza, nasi tunapiga kelele

*Shangazi, shikamoo. Niko Langoni, Lamu. Baba yangu ana miaka 74, alikuwa fundi wa majahazi Matondoni tangu ujanani. Masikio yake yamekuwa yakipungua mwaka hadi mwaka, lakini alikuwa mtu wa watu: alasiri lazima aende Mkunguni, anywe kahawa yake, acheze dhumna yake. Tangu Shaabani hatoki. Anaswali nyumbani, anakula kidogo, anakaa chumba cha ndani na tasbihi. Ukimwuliza hili anajibu lile, na wanangu wanamcheka. Kaka yangu akija anamsikia vizuri. Mimi ninayempikia na kumfulia hanisikii, na nikipaza sauti anasema namfokea. Wageni wakija mama ndiye anayemjibia. Mdogo wetu alimtumia kifaa cha masikio kutoka Doha, alikivaa siku mbili kikawa kinapiga filimbi, akakitia kwenye mtoto wa meza. Wengine wanasema uzee umeingia kichwani, wengine wanasema ni husuda. Wakati huo huo rafiki yake waliyejenga naye majahazi alifariki, na baba hakuwahi maziko kwa kuwa hakusikia tanzia. Nimechoka, shangazi, na naona haya kusema nimechoka. — Kifungua mimba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale ulipopita wewe mbio.

La rafiki yake umeliandika mwishoni, sentensi moja. Mimi ningeanza nalo. Watu wawili wamefanya kazi kwenye mkuku mmoja tangu vijana. Mmoja anafariki, tanzia inatolewa kwa kipaza sauti cha msikiti, mji mzima unasikia, jeneza linapita kwenye vichochoro, na mwenziwe yuko nyumbani anakunywa chai. Hakuna aliyekwenda kumgusa bega, kwa sababu kila mmoja alidhani amesikia. Huyo mzee hajanuna, mwanangu. Ana msiba ambao hakuna aliyempa pole, na juu ya msiba ana aibu: atakaa vipi tena Mkunguni na watu wanajua hakumzika mwenzake?

Aibu hii naijua. Marehemu mama yangu aliketi arusini, ngoma zinalia, mwanamke mmoja akamwinamia akamwambia kwamba mtoto wa nduguye amelazwa, hali mbaya. Mama hakusikia kitu. Arusini watu husema mambo ya furaha, basi naye akacheka, akampiga kofi la bega, akasema, "Mashaallah, Mungu azidishe." Aliiona sura ya yule mwanamke ikibadilika ndipo akajua. Tangu siku hiyo kila akialikwa alikuwa na kichwa, ana mguu, ana usingizi. Sisi wanawe tukasema amekuwa mvivu wa kutoka. Ilipita miaka mitatu kabla hajanihadithia, na aliponihadithia alijifunika uso kwa leso.

Kwa hiyo kabla ya husuda na kabla ya uzee wa kichwani, tuanze na masikio yenyewe, kwa sababu mengi uliyoyaona yanatoka huko.

Masikio yakizeeka hayazimi kama taa. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, nzito zinabaki. Katika maneno yetu, irabu zinabaki na konsonanti nyepesi zinapotea: p, t, k, f, s, sh, ch. Sema polepole: fika, pita, shika, sita, ficha. Kwa baba yako yote matano yanaweza kuwa kitu kimoja, i na a, na katikati pengo. Anasikia kwamba umesema, hasikii umesema nini. Hapo anakisia, na akikosea ndipo unapata jibu la mbuzi kwa swali la ng'ombe. Si akili hiyo. Akili ndiyo inayofanya kazi kupita kiasi, kutwa nzima, kujaza mapengo, na jioni mtu amechoka kama aliyebeba matofali. Ukimwona anakimbilia chumba cha ndani, fahamu anakwenda kupumzika.

Na hapo liko jibu la kaka yako. Sauti ya kiume ni nzito, inaangukia pale masikio ya mzee yalikobaki. Yako wewe na za wanao ni nyembamba, zinaangukia pale palipobomoka. Nakuomba ulisome hili mara mbili, kwa sababu nimeona kwenye barua yako kidonda ambacho hukukitaja: unadhani baba anamchagua kaka. Hamchagui. Na ile kauli ya "husikia akitaka", kama inasemwa nyumbani kwenu, ikome leo.

Kupiga kelele hakusaidii, maana ukelele unakuza irabu ambazo tayari anazisikia, unaharibu konsonanti, na uso wako unakunjana. Anachokiona ni binti yake mwenye hasira. Msogelee hadi karibu hatua moja, mguse mkono kwanza, akutazame, kisha sema kwa sauti ya kawaida iliyopanda kidogo, bila haraka. Asipokuelewa usirudie neno lile lile mara tano. Geuza. Badala ya "umemeza?" sema "baba, dawa ya presha, ya asubuhi, tayari?" Muda wote uso wako uwe kwenye mwanga na mdomo wako uonekane, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno anayachukua machoni. Akija mgeni aliyejifunika ninja, keti karibu umpokezee baba maneno.

Nyumba zetu za mawe nazo zina lao. Kuta nene, sakafu ngumu, dari juu kwenye maboriti: neno linagonga ukuta linarudi limevunjika, na chumba cha ndani kina giza. Mtoe hapo kwa mazungumzo. Daka, ile baraza ya mlangoni, lina mwanga na hewa, na apitaye humsalimu mtu mmoja mmoja, ndivyo inavyomfaa. Chumbani tandika busati zito, tundika pazia, zima televisheni mnapokula. Kwenye sinia aongee mmoja kwa zamu. Wanao wakitaka kucheka, wacheke jambo ambalo babu ameambiwa. Asiyesikia akiona watu wananong'ona na kucheka mbele yake hudhani anasemwa yeye, na ndivyo wazee wengi wanavyoanza kuwashuku hata watoto wao.

Sasa sikiliza, hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Baba anapouliza "Ati?", nyinyi humjibu vipi? Sikuwapo, lakini nyumba nyingi nilizokaa jibu ni moja: "Si kitu, baba." Watu wamecheka, yeye anauliza, anaambiwa si kitu. Simu imelia, habari imekuja, anauliza, si kitu. Tunasema kwa wema, tunaona habari yenyewe ndogo, hatutaki kumchosha. Lakini hizo habari ndogo, bei ya kamba, nani kaoa, punda wa nani kaingia duka la nani, ndizo zinazomfanya mtu awe wa nyumba. Akiambiwa si kitu mara kumi kwa siku, ya kumi na moja hataulizia. Nadhani baba yako ameshafika kwenye ya kumi na moja. Basi kuanzia leo, akiuliza aambiwe, hata kama ni upuuzi. Usipoweza kusema wakati huo mwonyeshe kwa kidole "nakuja kukwambia", kisha uje kweli.

Mama usimkosoe mbele ya watu, wala usimfundishe kama mwanafunzi. Wageni wakija wewe mgeukie baba ndiye umwulize, ungoje jibu lake mpaka litoke. Mama ataona.

Hospitali msichelewe. Anzeni pale King Fahd, mwombe aangaliwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyokauka imeziba, na ikitolewa mtu anasikia siku hiyo hiyo. Msimtie njiti za pamba wala mafuta ya moto, maana mnaweza kuisukuma ndani au kumjeruhi ngoma ya sikio. Beba dawa zake zote, kwa sababu ziko zinazodhuru masikio, kama sindano za gentamisini, au kwinini ikizidi. Ikibidi kipimo kamili cha kusikia mtaelekezwa kwa daktari wa masikio, pengine Mombasa. Ni safari, najua, boti hadi Mokowe kisha basi, lakini mwulizeni yeye kwanza kama anataka, na mbele ya daktari aseme mwenyewe. Na kama siku moja sikio lake moja litaziba ghafla, msilale nalo, mkimbizeni siku hiyo hiyo.

Kile kifaa cha Doha kitoe kwenye mtoto wa meza, ukipeleke pamoja naye. Kupiga filimbi mara nyingi ni kwamba hakikukaa sawasawa sikioni, au nta imeziba. Halafu kifaa kinachotumwa bila kipimo ni kama miwani iliyonunuliwa kwa kukisia. Akipata kinachomfaa, msitarajie muujiza wa siku mbili. Ubongo uliozoea ukimya huona hata sauti ya kijiko ni radi. Aanze saa moja kwa siku mahali patulivu, na wewe peke yako, aongeze taratibu. Inachukua wiki, wengine miezi. Na hewa yetu ya chumvi haikipendi: kipanguswe jasho kwa kitambaa kikavu, kifunguliwe betri usiku.

La akili kuingiwa na uzee msilitangaze mtaani kabla daktari hajasema. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia, na wengi wao akili zao nzima. Lakini ni kweli pia kwamba jopo la wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 waliuhesabu upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 14 ambayo yakishughulikiwa hupunguza hatari ya mtu kupotewa na akili uzeeni. Mimi hilo naliona ni sababu ya kufanya haraka. Husuda je? Msomeeni, kisomo ni kheri. Kisiwe tu badala ya daktari.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa jicho kali. Kutokula, kutolala, kuacha kila alichokipenda kwa wiki nyingi, hayo ni maradhi, yanaitwa sonona, na wazee huyapata sana huku tukidhani ni utulivu wa umri. Akianza kusema "nimekuwa mzigo" au "bora nife mpumzike", mwambie daktari maneno hayo kama alivyoyasema, na msimwache peke yake. Yana tiba.

Na wewe, kifungua mimba. Kuchoka si kukosa adabu. Kaka mwenye sauti inayosikika aje siku tatu kwa wiki, si kwa salamu za mlangoni. Akae naye alasiri nzima wewe ukalale au utembee. Mwambie ni shangazi kasema. Ijumaa amtangulize msikitini mapema, akae saf ya kwanza mbele ya khatibu.

Lakini kabla ya Mkunguni, kabla ya daktari hata, fanya hili. Kesho baada ya alasiri mketishe dakani, umshike mkono, umwambie kwa uso wako karibu: "Baba, siku ile tulidhani umesikia. Kosa ni letu. Pole kwa mwenzako." Ngoja. Huenda akalia, huenda akainuka akaenda zake, yote sawa. Siku akiwa tayari, kaka yako ampeleke kwa watoto wa marehemu akawape mkono wa pole, kisha wapite makaburini wamsomee Fatiha. Hao watoto waelezwe mapema, wamjie karibu, wasimame penye mwanga.